Mbao za mlango wa kabini zimepotea baharini: nitengeneze za namna gani?

"Shikamoo fundi. Mwaka huu nimenunua boti ndogo ya matanga ya mtumba, ya faiba, futi 24, iliyotengenezwa Uingereza zamani. Nimeifunga hapa Tanga, upande wa Raskazone. Mlango wa kushukia kabini ulikuwa na mbao tatu za kuchomeka, zinazopangwa moja juu ya nyingine. Mwezi uliopita tulizitoa tukaziweka kwenye benchi, upepo ukatushtukiza, boti ikalala, na mbao mbili zikateleza baharini. Tulipogeuka hatukuziona tena. Umebaki ule wa chini tu. Uwazi wa mlango ni sentimita 60 juu, 50 chini, na kimo 66. Fundi wa fanicha anasema atanikatia mbao nyingine za plaiwudi kwa siku moja, au aniwekee milango miwili ya bawaba kama ya kabati, niachane kabisa na habari ya mbao. Rafiki yangu ananishauri plastiki ya kuonyesha ya milimita 6 ili kabini ipate mwanga. Kwa kuwa kazi ya mlango ni kuzuia wezi na mvua, naona lolote litafaa. Januari tunataka kuvuka kwenda Pemba. Nichague lipi?"

Marahaba, ndugu yangu, na poleni kwa mkasa. Nashukuru umeleta vipimo, maana wengi huniuliza habari ya "mlango wa kawaida" na kwenye boti hakuna mlango wa kawaida.

Nilivyokuelewa, unataka mlango ufungike kabla ya Januari, kwa gharama nafuu, na bila kuiharibu boti. Linawezekana. Kazi yenyewe si kubwa, siku nyingi zitakwenda kwenye kusubiri rangi ikauke. Lakini kabla ya kusema habari ya plaiwudi na plastiki, lazima tuzungumze juu ya ile sentensi yako kwamba mlango ni wa kuzuia wezi na mvua. Ukianza kazi na wazo hilo, utapata mlango mzuri wa stoo. Mbao zile ni sehemu ya ubavu wa boti. Zikiwa mahali pake boti imefungwa, na zisipokuwepo una tundu kubwa katikati ya chombo.

Kaa kwenye kokpiti, kile kisima cha nyuma unaposhikia usukani, ukitazame vizuri. Tuseme kina urefu wa mita moja na nusu, upana wa mita moja, na kina cha sentimita 40. Wimbi moja la nyuma likikijaza, umebeba lita 600 za maji, yaani kilo 600 na zaidi kidogo kwa maji ya chumvi. Maji hayo yana njia mbili za kutoka. Kuna vile vitundu vya sakafuni, vinavyochukua dakika kadhaa hata vikiwa safi, na kuna mlango wa kabini, ambao ukiwa wazi unayameza kwa muda wa kuvuta pumzi. Yakishaingia ndani boti inakuwa nzito, haiinuki tena na wimbi, na wimbi la pili linaikuta chini kuliko la kwanza lilivyoikuta.

Sasa tazama nguvu. Kwa vipimo vyako mlango una eneo linalozidi kidogo theluthi moja ya mita ya mraba. Mzigo wa maji wa kimo cha mita moja ukiuegemea wote, ni kama kilo 360, watu watano wazima wakiusukuma kwa mabega. Na hapo nimehesabu maji yaliyotulia. Wimbi linalovunjika huja na mwendo wake juu ya uzito wake. Plastiki ya milimita 6 itapinda kama upinde, na ikipinda vya kutosha ncha zake zitachomoka kwenye miimo.

Mabaharia wa boti za aina yako walilijua jambo hili kwa gharama kubwa. Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet, ambayo boti hutoka kusini mwa Uingereza kwenda kuzunguka mwamba wa Fastnet huko Ayalandi na kurudi, boti 303 zilikutwa na dhoruba njiani. Washindani 15 walifariki, boti 5 zilizama, na 24 ziliachwa na watu wake. Uchunguzi uliofuata ulionyesha, pamoja na mambo mengine, kwamba boti zilipopinduka mbao za mlango zilichomoka na kupotea, na maji yakapata njia. Tangu hapo kanuni za mashindano ya bahari kuu zinataka mambo matatu: mbao ziweze kukazwa mahali pake hata kifuniko cha juu, kile kinachoteleza juu ya mlango, kikiwa wazi, zifungwe kwa kamba kwenye boti, na mtu aweze kutoka hata boti ikiwa imepinduka. Wewe huendi mashindanoni, lakini Mkondo wa Pemba hauna mchezo. Maji ya pwani yetu hupanda kuelekea kaskazini mwaka mzima, na Januari upepo wa kaskazi unashuka kukutana nayo. Upepo na mkondo vikipingana mawimbi husimama wima na kukaribiana, na boti ya futi 24 haipati nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine.

Umeona mwenyewe kwamba mlango wako ni mpana juu na mwembamba chini. Waliojenga walifanya hivyo makusudi, ili usilazimike kuuburuta kila ubao mpaka juu kabisa. Kwa pembe ya mlango wako, ikiwa ubao umeingia kwenye mfereji wa mwimo kwa sentimita moja na nusu, ukiuinua kama shibiri moja tu unakuwa huru mkononi. Ni raha unapotaka kutoka haraka. Ila urahisi huohuo ndio unaozitoa mbao boti ikilala ubavu kupita kiasi, kwa uzito wake zenyewe, bila mtu kuzigusa. Kwa hiyo mbao nzuri zisizo na komeo wala kamba ni nusu ya kazi.

Nije kwenye machaguo uliyopewa. Milango ya bawaba siikatai kabisa. Kwa boti inayolala bandarini na kutoka Jumapili ndani ya ghuba, inapendeza na haipotei. Lakini kwa Pemba sikushauri. Mzigo wote unabebwa na skrubu chache za bawaba na kijikomeo cha katikati, na likitokea la kutokea huwezi kufunga nusu ya chini ukaacha nusu ya juu wazi. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mbao za kuchomeka. Ukiwa safarini, ubao wa chini na wa kati hukaa mahali pake muda wote, nawe unaingia na kutoka kwa kuruka kizingiti kirefu, huku hewa na mazungumzo vikipita juu.

Plastiki ya kuonyesha ina aina mbili ambazo wauzaji huzichanganya. Akriliki ni ngumu, haikwaruziki upesi na jua haliichoshi haraka, ila ukiibana kwa skrubu hupasuka kuanzia kwenye tundu. Polikaboneti haivunjiki kirahisi, lakini hukwaruzika, na ile isiyo na tabaka la kukinga jua huwa ya njano. Zote mbili huchukia petroli na tina: ukizifutia kwa hivyo zinaota nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Tena zote huzama. Ubao wa mti ukianguka unaelea na unaweza kuugeukia, kama mlivyojaribu. Akriliki inakwenda chini moja kwa moja. Kwa upana wa mlango wako nisingekubali pungufu ya milimita 12.

Plaiwudi ndiyo ningekuchagulia, na fundi wako wa fanicha hajakosea hapo. Kosa lingekuwa kutumia plaiwudi ya kabati. Tafuta ya baharini, ambayo kiwango chake kinachojulikana ni BS 1088, na usiridhike na mhuri peke yake. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, tazama ukingo wake: matabaka yawe yamejaa, bila mapengo ya giza katikati. Kisha kichemshe kwenye sufuria kwa saa moja au mbili, ukianike, ujaribu kuyachana matabaka kwa ncha ya kisu. Gundi ya ndani ya nyumba itaachia. Ya baharini itang'ang'ania mpaka mti wenyewe uchanike.

Mti mzima nao ni mzuri, na wewe uko Tanga, karibu na shamba la mitiki la Longuza kule Muheza. Ukipata mtiki, chagua moyo wa mti, ile sehemu ya kahawia. Miti ya mashamba huvunwa ingali michanga na huwa na kando pana ya rangi hafifu, na kando hiyo haina uimara unaosifiwa wa mtiki. Mvule pia unafaa sana, ila vaa barakoa unapouranda, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Jambo la kukumbuka kwa mti mzima ni kwamba unavimba na kunywea kwa mapana ya nyuzi, si kwa urefu. Nyuzi zikienda mlalo, upana wa ubao kwenye miimo hautabadilika, lakini kimo kitabadilika.

Hili nimejifunza kwa makosa yangu. Miaka mingi iliyopita nilimtengenezea mtu mbao tatu za mkangazi mwezi Februari, kukiwa kukavu. Zilikaa pale kama zimemiminwa, nami nikajivunia. Masika ilipoingia kila ubao uliongezeka kimo milimita mbili hivi, jumla sita, na zote tatu zikajibana kati ya kizingiti na kifuniko cha juu. Usiku mmoja wa Aprili nanga ilianza kuburuta na mwenye boti alikuwa amelala ndani. Kifuniko kilikataa kuteleza, ubao wa juu ukakataa kuinuka. Alitoka baada ya kuupasua kwa mpini wa winchi. Yeye alipona, boti ikaambulia mikwaruzo, lakini mimi sijawahi tena kufunga mlango wa boti bila kuacha nafasi. Acha milimita mbili mpaka tatu kila upande, na juu zaidi ya zile milimita sita. Mvua kidogo ikipenya utaifuta kwa kitambaa.

Kuhusu kupima. Usimpe fundi zile namba tatu ulizoniandikia akatie mbao. Zinapima uwazi unaouona, ilhali mbao zinaishi ndani ya mifereji ambayo huioni. Isitoshe, miimo ya boti ya miaka mingi mara nyingi haiko sawa, mmoja umesogea milimita nne, mwingine umepinda. Ule ubao wa chini uliobaki utakusaidia kwa unene na kwa pembe ya mshazari, lakini hauwezi kukupa upana wa wenzake, kwa sababu kila ubao ni mpana kuliko ulio chini yake.

Tengeneza kigezo. Kwanza safisha mifereji kwa bisibisi nyembamba, utatoa rangi ya zamani na silikoni iliyokauka. Halafu chukua vijiti vya drili vya namba tofauti, upitishe kila kimoja kwenye mfereji kutoka juu hadi chini, upande wa mkia wake ulio laini. Kijiti kinachopita kote bila kukwama ndicho kipimo cha mfereji. Mara nyingi utakuta wa 20 unapita juu halafu unakwama kwenye shibiri ya mwisho chini, na hapo umeshajua ni wapi pa kupiga patasi. Ukiwa na mfereji wa milimita 20, plaiwudi ya 18 inakaa vizuri pamoja na rangi yake. Sasa kata hardibodi moja ya mlango mzima, pungufu ya sentimita moja kila upande wa uwazi, uisimamishe katikati. Sukuma vijiti vyembamba vya mbao kutoka kwenye hardibodi mpaka viguse ndani kabisa ya mfereji, kimoja kila sentimita kumi, kulia na kushoto, na kila kimoja ukigundishe hapohapo kwenye hardibodi. Gundi ikishika, inua kigezo kwa juu kama unavyoinua ubao. Unganisha ncha za vijiti kwa mstari, punguza zile milimita tatu kila upande, na hilo ndilo umbo la mlango wako. Kata ubao mzima kwanza kwa umbo hilo, ujaribu, ndipo uugawe vipande vitatu.

Hapo pa kugawa ndipo mafundi wa nchi kavu hukosea. Ukikata mbao kwa pembemraba, maji yatatulia kwenye kiungo na kuingia ndani. Kata mshazari unaoteremka kwenda nje, yaani ukingo wa juu wa ubao wa chini uwe juu upande wa kabini na chini upande wa kokpiti, na ubao unaofuata uuvae kama bati linavyolalia bati lenzake paani. Nimeona mbao nzuri za mtiki zilizokatwa mshazari kinyume, kila wimbi likimwagika kitandani. Ubao wako uliobaki utakuonyesha mwelekeo. Msumeno nao hula milimita mbili au tatu kila mkato, kwa hiyo acha ziada kwenye ukingo wa juu kabisa.

Maji huingia kwenye plaiwudi kwa kingo. Zungushia kingo kwa msasa zisiwe kali, maana rangi haishiki kwenye kona kali, kisha zinyweshe epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ikawa ngumu, mara tatu, kila tabaka kabla lililotangulia halijakauka kabisa. Juu ya epoksi lazima upake rangi au vanishi ya kukinga jua, kwa sababu jua letu huigeuza epoksi tupu kuwa unga. Binafsi napendelea rangi nyeupe. Vanishi inapendeza, lakini kwa Tanga itakudai msasa kila baada ya miezi michache. Ukitumia mtiki na ukalazimika kuugundisha, ufute kwanza kwa asetoni, mafuta yake huikataa gundi.

Mwanga anaoutaka rafiki yako utaupata kwa dirisha dogo kwenye ubao wa juu peke yake. Toboa tundu la sentimita 12 kwa 25, ulifunike kwa nje na akriliki ya milimita 10 inayozidi tundu kwa sentimita tatu kila upande, ikazwe kwa bolti zinazopita kwenye matundu mapana kidogo kuliko bolti zenyewe. Akriliki hutanuka kwa joto, na ikikosa nafasi itapasuka.

Sasa komeo na kamba. Kila ubao uwe na jicho dogo la stenlesi upande wa ndani, na kamba yake ya milimita nne au tano iliyofungwa ndani ya kabini, ndefu kiasi cha kuutoa ubao na kuulaza sakafuni, fupi kiasi kwamba hauwezi kufika majini. Kila ubao na kamba yake, zisichangie. Kwa komeo, weka kwenye ubao wa juu kikomeo cha kuzungusha chenye mkono ndani na mkono nje, ulimi wake uingie kwenye mwimo. Kitazuia mbao zote kupanda hata kifuniko kikiwa wazi, na aliye ndani na aliye nje wote wanaweza kukifungua. Kufuli na tumbuu viwe vya bandarini tu, na nakuomba sana, kamwe usifunge kufuli kwa nje wakati kuna mtu ndani, hata kwa dakika mbili za kwenda ufukweni. Skrubu na vyuma vyote viwe stenlesi 316. Nenda dukani na sumaku: skrubu ya chuma iliyopakwa rangi ya dhahabu itanasa, na ndani ya miezi michache italia kutu kwenye ubao wako.

Fundi wako wa fanicha bado ana kazi nzuri ya kukufanyia. Mwambie akutengenezee seti ya pili, ya bandarini, fremu nyepesi yenye vipande vya mshazari kama dirisha la luva na wavu wa mbu nyuma yake. Boti iliyofungwa kabisa kwenye joto letu huota ukungu, na wengi hutoboa matundu ya hewa kwenye mbao za safari. Usifanye hivyo. Za safari ziwe nzima.

Kuna mambo siwezi kuyaona kutoka hapa. Bonyeza miimo na kizingiti kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, au faiba inayouzunguka mlango ikitoa mlio mzito usiolia kama sehemu nyingine ukiigonga, maji yameshaingia ndani ya sitaha, na ubao mpya hautakuwa na cha kushikia. Hapo mwite fundi wa faiba aje aone kwa macho, kabla hujanunua hata plaiwudi. Vivyo hivyo ikiwa mwimo unacheza ukiutikisa kwa mkono. Mimina pia ndoo chache za maji kwenye kokpiti uhesabu yanachukua muda gani kutoka, na kama yanasita, mabomba yatazamwe. Kwa safari ya Pemba, mtafute nahodha aliyevuka mara nyingi msimu wa kaskazi akague chombo nawe, na uwaone TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, kuhusu ukaguzi na vifaa vya kuokolea mnavyotakiwa kubeba.

Januari bado ina nafasi ikiwa utapima wiki hii. Kwa sasa funika mlango kwa turubai lililokazwa, na boti isitoke nje ya bandari. Ule ubao wa chini uliobaki usiuache kwenye benchi. Leo jioni tia jicho, funga kamba, uurudishe kwenye mfereji wake.